Pedali ya kinanda inafanya kazi kinyume: nikikanyaga sauti inakatika, nikiachilia inavuma

Kinanda cha Langoni (muulizaji)

Assalamu alaikum ndugu zangu wapiga vinanda, pamoja na mafundi mlioko humu.

Ninapiga kinanda katika kikundi cha taarab hapa Lamu mjini. Ninaposema kinanda ninakusudia kile cha umeme chenye funguo 61, si kinanda cha nyuzi ambacho wazee wetu walikichonga kwa mti na kukiwamba ngozi. Chini ya mguu wangu wa kulia huweka pedali ya kudumisha sauti: nikiikanyaga, sauti huendelea kuvuma hata kidole kikishaondoka kwenye ufunguo, na nikiiachilia, sauti hukoma. Kwa muda wa mwezi mmoja sasa pedali hiyo imekuwa ikinigeuka. Mguu ukiwa umetulia sakafuni, sauti zote zinavuma na kurundikana moja juu ya nyingine mpaka msikilizaji hajui tena ni wimbo gani unaopigwa, na nikikanyaga, sauti inakatika papo hapo.

Niliinunua miaka miwili iliyopita katika duka moja la Mombasa. Haina jina la kampuni yoyote, wala haikutoka kwa watengenezaji wa kinanda changu, lakini kwa muda huo wote ilinitumikia vizuri, na ndiyo sababu siamini kwamba haikufaa tangu mwanzo. Kinachonitatiza zaidi ni kwamba tatizo haliji kila siku. Wiki iliyopita tulikuwa harusini Shela, na nusu ya kwanza ya usiku pedali ilikuwa sawasawa. Stima ikakatika katikati ya wimbo, jenereta ikawashwa, na tulipoendelea nikakuta pedali imeshageuka. Nyimbo nne zilizobaki nilizipiga huku nimeikandamiza pedali muda wote, nikiinua mguu pale ambapo kwa kawaida ningekanyaga, na mpaka tunafunga vyombo goti langu lilikuwa linatetemeka. Lakini siku nyingine tatizo lilinijia nyumbani, stima ikiwa haijakatika hata kidogo. Niliwasha kinanda, nikaikanyaga pedali mara tatu au nne isiitike kabisa, kisha ikaamka yenyewe ikiwa kinyume. Jambo hilo nalitaja ingawa sijui kama lina maana yoyote kwa fundi.

Shemeji yangu anasema kwamba kinanda kimeungua ndani na dawa yake ni kukipeleka Mombasa. Kabla sijavuka kwenda Mokowe kupanda basi na kinanda mapajani, naomba mnisaidie: ugonjwa uko kwenye pedali au uko kwenye kinanda?

Kijana wa Mokowe

Waalaykum salaam. Kaka, nadhani waya za pedali zimeungwa kinyume. Ndani ya ule waya mnene mna waya mbili ndogo. Fungua plagi, uzibadilishe, ya kushoto uiweke kulia na ya kulia kushoto, kisha uzilehemu tena. Sijawahi kuifanya kazi hiyo kwenye pedali, lakini kwenye spika nimeifanya mara nyingi.

Fundi wa Maweni

Salaam kutoka Malindi. Ninatengeneza redio, vipaza sauti na vinanda hapa Maweni, na kwa ruhusa yenu nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu nimeona watu wakitupa pedali nzima ambazo hazikuwa na kosa.

Kwanza, mdogo wangu wa Mokowe, nakuomba usimshauri mwenzetu akate plagi. Pedali ya aina hii ni swichi tu. Ndani yake hamna chochote zaidi ya vibamba viwili vya chuma vinavyogusana au kuachana, na swichi ya namna hiyo haijali umeme unaingilia waya upi na kutokea upi. Ukizigeuza waya zake mara kumi, itabaki vilevile ilivyokuwa. Kwenye spika kugeuza waya kuna maana kwa sababu spika ina upande wa kujumlisha na wa kutoa, lakini swichi haina.

Jambo lenyewe ni hili. Pedali za kudumisha sauti ziko za aina mbili. Katika aina ya kwanza vibamba vimeachana pedali inapopumzika, na ukikanyaga vinagusana. Katika aina ya pili vibamba vinagusana pedali inapopumzika, na ukikanyaga vinaachana. Pedali za Yamaha, kama vile FC4 na FC5, ni za aina ya pili, na zile za Casio ni za aina ya kwanza. Kwa kuwa watengenezaji hawakukubaliana juu ya jambo hili, vinanda vingi vya siku hizi huamua vyenyewe. Kinanda kinapowashwa, hutazama mara moja tu hali ya pedali wakati ule, na hali hiyo, iwe ni ya kugusana au ya kuachana, hukihesabu kuwa ndiyo ya kupumzika. Tangu hapo hakiulizi tena mpaka kizimwe. Ikiwa mguu wako ulikuwa juu ya pedali wakati huo, basi umekidanganya bila kujua, na kitaendelea kuamini hivyo usiku kucha. Hata vitabu vya maelekezo vya vinanda vidogo vya Yamaha vinaonya kwamba usiikanyage pedali wakati wa kuwasha, kwa sababu itafanya kazi kinyume.

Sasa nirudi kwenye maelezo yako, ambayo nimeyasoma mara mbili kwa furaha, kwani ni nadra mteja kueleza dalili vizuri hivi. Una visa viwili na sababu mbili, si moja. Kisa cha Shela ni cha mguu. Stima ilikatika katikati ya wimbo, wewe ukabaki umekaa na mguu wako juu ya pedali kama mpiga kinanda yeyote angalivyokaa, na jenereta ilipoanza, kinanda kikajiwasha kwa kuwa swichi yake haikuzimwa, kikaikuta pedali imekanyagwa. Kwa vinanda ambavyo umeme ukirudi hubaki vimezimwa mpaka ubonyeze kitufe, hatari hiyo ni ndogo kidogo, lakini chako bila shaka ni kati ya vile vinavyojiwasha.

Kisa cha nyumbani ndicho kilichonifanya niandike. Umesema kwamba mwanzo pedali haikuitika kabisa, kisha ikaamka ikiwa kinyume. Hiyo si dalili ya mguu, ni dalili ya uchafu kwenye vibamba, na inaniambia pia kwamba pedali yako ni ya aina ya pili, ile inayogusana inapopumzika. Fuatilia mwenyewe uone. Vibamba vinapaswa kugusana, lakini vimeota utando wa kutu na chumvi, kwa hiyo umeme haupiti. Kinanda kikiwashwa kinaona vimeachana, na kinaihesabu hali hiyo kuwa ya kupumzika. Unakanyaga, vinaachana kweli, na kinanda hakioni badiliko lolote, ndiyo maana hakiitiki. Lakini kila unapokanyaga na kuachilia, vibamba vinasuguana kidogo, mpaka utando unapasuka na umeme unaanza kupita. Hapo unapouinua mguu vinagusana kwelikweli, na kinanda, ambacho kimeshaamua kwamba kuachana ndiko kupumzika, kinasema: amekanyaga. Sauti inavuma. Pedali ya aina ya kwanza haiwezi kugeuka kwa njia hiyo, kwa sababu uchafu wake hauibadilishi hali ya kupumzika. Hiyo ikichafuka itakosa kuitika tu.

Ili uhakikishe, tafuta mita ya fundi na uiweke kwenye alama ile ambayo hulia ncha zake mbili zikigusana. Plagi ya pedali, yenye unene wa milimita 6.35, ina ncha na shina, na katikati pana kipete cheusi cha plastiki kinachozitenga. Gusa ncha kwa waya mmoja wa mita na shina kwa mwingine, bila kukanyaga. Mita ikilia, ni ya aina ya pili. Ikilia kwa kusitasita, ikikatika na kurudi huku hukuigusa pedali, umeshaupata ugonjwa. Kama huna mita, zima kinanda, chomoa pedali, kiwashe bila pedali, punguza sauti, kisha uichomeke. Ikianza kuvuma mguu ukiwa mbali, nayo ni ya aina ya pili.

Kinanda chako hakijaungua. Usivuke kwenda Mokowe.

Mpiga kinanda wa kanisani

Bwana asifiwe, na salaam kwenu nyote. Ninapiga kinanda kanisani hapa Malindi, na ninakubaliana kabisa na Bwana Fundi kuhusu kisa cha stima, kwa sababu mimi mwenyewe niliteseka nacho kwa muda mrefu kabla sijakielewa. Kwetu stima ilikuwa ikikatika na kurudi baada ya sekunde chache, na kwa kuwa katika zile sekunde mtu hana haja ya kuinuka, mguu wangu ulikuwa unabaki palepale. Kwaya ikiendelea kuimba bila kinanda, mimi nilikuwa ninangoja nikiwa nimekanyaga, na umeme ukirudi, ubeti uliofuata ulikuwa unatoka kama kengele zinazolia zote kwa pamoja.

Niliyoyafanya ni mambo madogo mawili. La kwanza, nimeuzoeza mguu wangu kwamba taa zikizimika tu, kisigino kirudi nyuma na mguu wote ukae sakafuni, mbali na pedali, hata kama vidole vyangu bado viko kwenye funguo. Vijana ninaowafundisha huwafanyia zoezi hilo makusudi, ninachomoa waya wa umeme wakiwa katikati ya wimbo na kutazama miguu yao, si mikono yao. La pili, pedali huichomeka kabla ya kuwasha kinanda, kamwe si baada yake. Ndugu wa Langoni, hilo hukulitaja, lakini ikiwa kuna siku uliwasha kinanda kwanza na kuikumbuka pedali baadaye, utapata kinyume kilekile, maana kinanda kiliangalia tundu likiwa tupu.

Na ikitokea kwamba imegeuka katikati ya ibada, au katikati ya harusi kwa upande wako, usihangaike nayo kama ulivyohangaika Shela. Ngoja mwisho wa wimbo, inua mguu, zima kinanda, hesabu polepole mpaka tano, kisha uwashe. Hasara yake ni moja tu, nayo ni kwamba sauti uliyokuwa umeichagua inapotea na inabidi uitafute upya. Kwa hiyo mimi huandika namba za sauti ninazozitumia kwenye kipande cha karatasi na kukibandika juu ya kinanda, nisizitafute gizani.

Kinanda cha Langoni

Ndugu Fundi, na dada yangu wa kanisani, nawashukuru sana. Nimefanya yote mliyoyasema, na naona ni haki niwaletee majibu.

Jana baada ya swala ya alasiri niliazima mita kwa jirani anayetengeneza simu. Ncha na shina, bila kukanyaga: ikalia, ikanyamaza, ikalia tena, na wakati huo wote pedali ilikuwa imelala juu ya meza bila kuguswa na mtu. Nilipoikanyaga ilinyamaza moja kwa moja. Kwa hiyo ni ya aina ya pili kama Fundi alivyosema kutoka Malindi bila kuiona, na ugonjwa upo.

Nikaichukua bisibisi nikaifungua upande wa chini. Ndani mna springi moja, na pembeni yake vibamba viwili vyembamba kama ukucha, kila kimoja kina kidoti mwishoni, na vidoti hivyo ndivyo vinavyokutana. Kimoja kilikuwa kimepoteza mng'ao kabisa, na pembezoni mwake pameota unga wa kijani kama ule unaouona kwenye mpini wa shaba wa mlango uliosahauliwa. Hata springi ilikuwa na madoa. Sikustaajabu sana baada ya kuona hivyo, kwa sababu kinanda hukaa katika chumba cha juu kinachoelekea baharini, na wakati wa kusi upepo unaingia na chumvi mpaka unaweza kuionja kwenye kioo cha dirisha. Pedali huwa naiacha chini sakafuni, wala siifuniki.

Sasa naomba mwongozo wa kuisafisha. Nyumbani nina msasa, mafuta ya nazi, mafuta ya cherehani, na spiriti. Nitumie kipi?

Fundi wa Maweni

Hongera kwa kazi safi. Tumia spiriti peke yake, na vingine vyote uviweke kando.

Msasa utaondoa kutu, lakini utaondoa pia ngozi nyembamba ya madini inayokilinda kidoti, na baada ya hapo chumvi itaingia kwa kasi zaidi kuliko mwanzo. Mafuta ya nazi na ya cherehani hayapitishi umeme, yananasa vumbi, na baada ya muda yanaganda. Nimeletewa pedali zilizopakwa mafuta na zikawa na gundi ndani badala ya swichi. Chukua kifutio cha penseli cha mwanafunzi, ukikate ncha yake iwe nyembamba, ukisugue kidoti polepole mpaka mng'ao urudi, halafu ukate ukanda wa karatasi ya kawaida, uuloweshe kwa spiriti, uupitishe katikati ya vidoti viwili huku umevibana kidogo kwa kidole, na uuvute. Karatasi itatoka na alama nyeusi au ya kijani. Rudia kwa ukanda mpya mpaka itoke nyeupe. Usivikunje vibamba hata kidogo, maana vikipoteza mkao wake havitakutana tena sawasawa, na hilo ni gumu kulirekebisha. Iache wazi nusu saa ikauke kabla ya kuifunga.

Kuhusu kuihifadhi, tafuta debe dogo la plastiki lenye mfuniko unaobana, na utie ndani vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Pedali ikishamaliza kazi ifute, iingie humo. Kwa watu wa Lamu na wa Malindi nasema haya kwa msisitizo, kwa kuwa pedali nyingi ninazoletewa hazikuvunjika, zimeliwa na chumvi.

Kijana wa Mokowe

Nimejifunza, Bwana Fundi, na asante kwa kunisahihisha kwa upole. Nina swali moja. Mimi nina pedali mpya ambayo iko kinyume kila siku, tangu niliponunua, na kuzima na kuwasha hakusaidii. Hiyo nayo ina chumvi?

Fundi wa Maweni

Hapana, mdogo wangu. Ikiwa ni kinyume kila siku bila kukosa, basi kinanda chako ni katika vile visivyojiamulia, na umekipa pedali ya aina kisiyoitarajia. Kabla ya kufungua chochote, igeuze pedali uangalie chini yake na ubavuni, kwa sababu baadhi ya pedali, kama M-Audio SP-2, zina swichi ndogo ya kuchagua aina, na mtu anaweza kukaa nayo miaka asiione. Kisha tafuta kwenye mipangilio ya kinanda, maana vingine vina mahali pa kuigeuza pedali. Ukikosa kote kuwili, jaribu kukanyaga pedali makusudi wakati wa kuwasha. Kama kweli kinanda hakijiamulii, hilo nalo halitabadilisha kitu.

Hapo ndipo utakapoifungua. Ukikuta ndani swichi ndogo ya boksi yenye miguu mitatu, una bahati. Mguu mmoja ni wa wote, wa pili umeunganika nao swichi inapopumzika, na wa tatu unaunganika nao swichi inapobonyezwa. Mara nyingi miguu hiyo imeandikwa COM, NC na NO. Waya mmoja uko COM, uache hapo. Wa pili uutoe pale ulipo, uulehemu kwenye mguu ulio mtupu, na aina ya pedali yako itakuwa imebadilika. Angalia tofauti na ulichoshauri mwanzo: hapa hatubadilishani waya kwa waya, tunauhamisha waya mmoja kwenda kwenye mguu mwingine. Ukikuta vibamba viwili tu kama vya ndugu wa Langoni, hakuna mguu wa tatu, na ni nafuu kununua pedali inayokifaa kinanda chako.

Na kama unakiunganisha kinanda na kompyuta kwa MIDI, yaani lugha ya ujumbe ambayo vinanda na kompyuta huambiana nini kinachopigwa, unaweza kuliona jambo lenyewe kwa macho. Ujumbe wa pedali hii una namba 64, na thamani yake ikiwa kuanzia 0 hadi 63 maana yake haijakanyagwa, ikiwa kuanzia 64 hadi 127 imekanyagwa. Pedali ya swichi hutuma 0 au 127 tu. Ukiona 127 wakati mguu wako uko sakafuni, iko kinyume.

Kinanda cha Langoni

Karatasi ya kwanza ilitoka nyeusi, ya pili na ya tatu zina ukijani, ya sita ikatoka nyeupe. Nimeifunga, nimeichomeka kabla ya kuwasha, mguu ukiwa mbali. Nimezima na kuwasha mara ishirini kwa hesabu, na mara zote ishirini imekuwa sawa. Mita nayo inalia mfululizo bila kusita. Usiku wa jana stima ilikatika kweli wakati wa mazoezi, na nikajikuta nimeuinua mguu kabla sijafikiri. Umeme uliporudi tuliuendeleza wimbo kutoka pale tulipoachia. Pedali sasa inalala ndani ya debe, na shemeji ameshaambiwa kwamba safari ya Mombasa haipo.